Mashine Zisizouzwa

Afisa wa mahakama alipofungua kufuli la kiwanda, Mama Nyuzi alikuwa amekwisha kata tamaa. Alikuja kuziaga tu mashine zake za kufuma masweta.

Mambo haya ya kufilisiwa aliyajua. Baba yake alipofilisika, dalali aling'oa kila kitu, mpaka swichi za ukutani, na mzee hakuinua kichwa tena.

"Wanunuzi wako wapi?" alimuuliza afisa.

"Hakuna mnada, mama. Sheria imebadilika. Wanaokudai wamekaa mbele ya jaji, wamekubali kusubiri. Kiwanda kifanye kazi, uwalipe kidogo kidogo. Mimi nitasimamia tu."

"Na mashine?"

"Ziwashe wewe. Mimi hata hili sweta nililovaa sijui lilifumwaje."

Alimtazama usoni akitafuta mzaha, asiuone. Akaiendea mashine kubwa, akaifuta vumbi kwa upindo wa gauni, akabonyeza.

Mashine ilikohoa, ikanyamaza, kisha ikashika. Sakafu ikaanza kutetemeka. Mtetemo ukampanda kutoka kwenye nyayo hadi kifuani, naye akasimama kama aliyepigwa na butwaa. Chini ya sindano kilichomoza kitambaa chekundu, chembamba kama ulimi. Alikigusa. Kilikuwa na joto.

Mlangoni walisimama wafumaji wake, waliokuja kuchukua vitu vyao. Mkubwa wao aliweka mfuko wake chini, akaingia kwa kunyata kama mtu anayeingia mahali pa ibada.

"Nyuzi nyekundu zinakaribia kwisha, mama," alinong'ona. "Nikalete nyingine?"