Sauti ya Sikio la Kushoto

Bi Msiwa aliketi kwenye chumba kidogo cha hospitali kisichopitisha sauti, hedifoni masikioni na kitufe mkononi. Alikuwa amejitolea katika utafiti wa masikio ya wazee. Kazi yake ilikuwa kubonyeza kila asikiapo mlio.

Alibonyeza mara chache, kisha akaanza kubonyeza mfululizo huku machozi yakimtiririka.

Daktari Nyamizi, aliyekuwa akiendesha kipimo kutoka nje, akafungua mlango. Akamvua hedifoni, akamsogelea sikioni na kupaza sauti. "Bibi, hapo sijapiga mlio wowote."

"Si mlio, mjukuu wangu. Ni binti yangu Sikitu, ananiita katika sikio la kushoto. Mafuriko yalimchukua akiniita hivihivi."

Daktari akavuta kiti. Alimweleza taratibu kwamba ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vinavyopokea sauti, na vyake vingi vilikuwa vimekufa kwa uzee. Ubongo ukikosa sauti, wakati mwingine hujitungia yake. Dawa waliyokuwa wakiijaribu, ya kuchomwa sindano sikioni, huenda ingevifufua.

"Nitawasikia wajukuu?"

"Tunatumaini hivyo."

"Na Sikitu?"

"Huenda akanyamaza, bibi."

Bi Msiwa aliwafikiria wajukuu, ambao siku hizi walimwonyesha vitu kwa vidole tu, wamechoka kumsemesha. Mwishowe akatoka, akajilaza kwenye kitanda cha matibabu kilichokuwa nje ya kile chumba, akageuza sikio la kushoto juu.

"Nichome. Ila ningojee kidogo. Siku ile sikumwitikia."

Akafumba macho, midomo ikaanza kucheza pasipo sauti. Daktari alisimama na sindano mkononi, naye akisikiliza.