Kabla ya Saa Tisa

Kila Jumapili Ludwik alimpigia mama yake simu saa nane na robo mchana, na kila Jumapili aliikata dakika tano kabla ya saa tisa. Chumbani kwake mtandao ulishika dirishani tu, kwa hiyo alisimama hapo, macho kwenye saa ya mkononi. Vidole vilikuwa vimechunika kwa sabuni ya vyombo.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema mama.

"Milele na amina. Umeshindaje, Mama?"

"Nimeshinda nimekaa. Miguu imeumuka kama mkate. Alhamisi wananipasua moyo, mwanangu. Daktari kasema nisiogope, lakini mwenyewe alikuwa hanitazami."

Ludwik alifumba macho.

"Na wewe, msimamizi wetu wa majengo? Jirani Halina kaniuliza tena unaendesha gari gani huko Dublin. Nimemwambia jeusi."

"Mama!"

"Ningesemaje? Kwa Halina, asiye na gari ni marehemu." Alicheka, akakohoa, akapumzika. "Hivi ndege kutoka huko mpaka hapa Krakow ni masaa mangapi?"

"Matatu kasoro. Kilomita kama elfu moja na mia nane."

"Matatu tu! Mimi foleni ya hospitali hukaa matano."

"Lakini ukiondoka saa nne asubuhi unafika saa nane mchana. Saa moja inapotelea angani."

"Mungu ataiokota. Njoo, Ludwik. Sitaki zawadi, wala hilo gari jeusi. Nataka nikuone kabla hawajanilaza."

"Tikiti zimepanda, Mama. Na bosi hatoi ruhusa."

Maneno hayo yalitoka bila kukwama. Yalishazoea njia.

"Basi," alisema mama. "Nilitamani kwanza nifike kule mjini, kanisani kwa Bikira Maria, lakini ngazi za vitreni vya tramu siziwezi tena. Mwaka wa pili huu sijasikia ile tarumbeta ya mnarani."

"Ile inayokatika katikati?"

"Hiyohiyo. Wanasema mpigaji wa kale alichomwa mshale wa koo, na mpaka leo, kila saa, wanaishia palepale alipoishia yeye. Haipo popote ila hapa kwetu."

"Nimeshaisahau, Mama."

Ludwik alisikia pumzi ikikatikakatika, kama ya mtu aliyeziba mdomo kwa kitambaa. Hakuwahi kumsikia mama yake akilia, hata siku walipomzika baba. Akasahau saa.

"Mama, usilie. Nisikilize. Mama..."

Juu ya mapaa, tarumbeta ikalia.

Akalivamia dirisha kwa mkono mmoja ili alifunge. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua, halikusogea. Akalisukuma kwa bega. Sauti ilipanda, nyembamba, safi, ikapanda tena, kisha ikakatika katikati.

Kule upande wa pili wa simu kilio kilikuwa kimekoma.

"Kwa ndege masaa matatu kasoro," mama alisema taratibu. "Na kwa tramu, mwanangu?"