Damu ya Tarpey

Haya, mwingine huyo, Nuala Gaughan alijisemea alipomwona Mmarekani akifuta viatu mlangoni. Huku Mayo, walikohama mababu zao, Wamarekani walikuja kila kiangazi na makoti yao mapya ya mvua, kila mmoja akitaka kuambiwa babu yake alikuwa mfalme. Kazi ya Nuala ilikuwa kuwafunulia vitabu vya parokia. Wafalme hakuwakuta humo. Alikuta wachimba viazi na wezi wa kondoo, na kuwapasha habari hiyo kulimpa raha.

"Namtafuta Malachy Tarpey," mgeni alisema. Alikuwa mzee mpole wa Boston, jina lake Walter Deasy. "Wa miaka ile ya njaa."

Nuala akachekea puani.

"Umetoka mbali kuja kuokota jina hilo, bwana. Huyo tunamjua bila kitabu. Alikwenda kwa msimamizi wa mwenye ardhi, akamchongea jirani yake, mjane. Mjane akabomolewa nyumba yeye na wanawe, theluji inaanguka. Tarpey akazawadiwa shamba."

"Nimesikia hivyo."

"Umesikia, na bado ukapanda ndege? Wenzako wakisikia nusu yake tu hawaonekani tena. Mtoto wa nyoka ni nyoka, bwana. Hapa kwetu damu haisahauliki."

Deasy hakukasirika. Alipiga funda la chai aliyokaribishwa, akauliza, "Na shamba lilimwendea nani?"

"Hata lilikuwa lipi hakuna ajuaye tena. Ukoo wote ulikimbilia kwenu na aibu yake, ndivyo tulivyosimuliwa."

Hata hivyo akalivuta daftari la ardhi, amwonyeshe aibu hiyo kwa wino. Koo za watu wote alizifukua; wa kwake hakuwahi kuugusa. Wa nini, naye ni mtu wa hapa hapa?

Kidole chake kikateremka ukurasani. Malachy Tarpey, marehemu. Shamba la Carrowbeg limepita kwa bintiye Honor, mke wa Thomas Gaughan.

Kidole kikaganda. Carrowbeg ndiko alikozaliwa Nuala, na ndiko alikoamkia asubuhi hiyo.

"Soma tu, mama," Deasy alisema taratibu. "Mimi ni wa damu ya yule mjane. Wa damu ya Tarpey nilitaka tu kumwona sura."