Kiti cha Walioridhiana

Sheria iliwapa Waalevi wa Kikurdi, wafuasi wa madhehebu ya Alevi, kiti bungeni kwa kufuata mila yao wenyewe. Kama ibada yao isivyoanza mpaka wote waridhiane, mbunge wao naye hataapishwa akitokea hata mmoja asiyeridhika. Kwa miaka tisa, kila mwaka alitokea mmoja.

Safari hii dede, kiongozi wao wa ibada, alipouliza mara ya tatu kama wote wameridhika, aliyesimama alikuwa Hidir, mume wa Xezal.

"Mimi sijaridhika," alisema, akilitazama zulia.

Kabla jua halijatua, binti yao Berfin alitoka gerezani, kama Hidir alivyoahidiwa na ofisa mmoja wa serikali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mila ni mila. Xezal akamtengea mumewe chakula kando ya mlango wa nyuma, maana aliyevunja ridhaa hana wa kula naye wala wa kumsalimu.

"Mama, mbona baba yuko kule?"

"Kula, mwanangu."

Mlango wa nyuma ukabishwa. Alikuwa jirani yao Zarife, ambaye mwanawe alikuwa amefungwa mwaka wa nne. Alimpita Hidir bila salamu, akamnong'oneza Xezal, "Dada, niulizie, mumeo alikwenda kuonana na ofisa gani?"

Nyuma yake uani, wanawake wengine sita walisubiri zamu, na hakuna aliyemtazama mwenzake.