Mashina Matano

"Assalaamu alaykum," Bi Mwanakheri alikiambia kichaka, kisha akavua kandambili.

Shemsa, mwanafunzi wa mimea kutoka mjini, aliuma mdomo asicheke. Siku ya tatu hii anaona vituko vya bibi huyu. Wote waliojitolea kusaka mimea humu wana daftari na kamera. Bibi ana chupa ya maji tu, na maji yenyewe hanywi, anayamwaga chini.

Lakini bila ya yeye wangekuwa bado wanazunguka. Pori hili la nyuma ya Muyuni lilikuwa lifyekwe mwezi ujao, ijengwe hoteli. Lingepona tu kama ungeonekana mmea adimu ulioota wenyewe. "Cha kupandwa hakihesabiwi," Sabri, kiongozi wao, alikariri kila asubuhi.

"Kuni zangu zimo humu," Bi Mwanakheri alisema alipojiandikisha. "Wakifyeka, nende wapi?"

Na sasa, nyuma ya kichaka, hayo! Mashina matano, yote yamechanua maua meupe. Sabri alipiga magoti.

"Ya Rabbi! Huu tulidhani umekwisha Unguja nzima."

"Mbona yamejipanga mstari?" Shemsa aliuliza.

"Ardhi ya mawe hii, mwanangu," Bi Mwanakheri alimjibu haraka. "Penye udongo ndipo panapoota."

Sabri akafungua fomu. "Bi Mwanakheri, wewe ndiye mwenyeji. Kuna mtu aliyeupanda?"

Bibi wa watu aliyatazama yale maua. "Hapana. Umeota wenyewe."

"Alhamdulillahi! Basi tung'oe mmoja na mizizi yake, tuupeleke ofisini. Bila ya huo hawatuamini."

"Lazima?"

"Mmoja tu, Bi."

Ulimwingia uchungu, na kila mtu aliuona. "Ntachimba mwenyewe," alisema. Akachimba kwa vidole, taratibu, machozi yanamdondoka. Shemsa naye yakamtoka; hajapata kuona mtu anayependa maua namna ile.

Shemsa na wenzake wote walitangulia garini wakipongezana. Bi Mwanakheri alibaki kufukia. Alisawazisha udongo kwa kiganja, akamwaga maji yaliyobaki, akasoma Fatiha.

"Nisamehe, mwanangu," alinong'ona. "Huna hata jiwe la kaburi, nlikupandia haya matano nsije nkakupoteza. Ningewaambia, wangekufyeka."