Waya Chini ya Khanga

Siku hizi betri zote huchajiwa na mwili wa mtu: unabandika waya mkononi, nao unavuta joto lako. Kwa hiyo kabla ya kupanda treni ya Kigoma, Nyamizi aliweka drafti na karata tu kwenye kifaa chake, michezo isiyotaka mtandao wala kula betri. Mumewe, Lugendo, aliweka mbio za magari.

Walipofika Urambo, jua likiwaka, Nyamizi alimwona mama mkwe wake, Bi Kalunde, anatetemeka ndani ya khanga mbili. Akazifunua. Waya wa Lugendo ulikuwa umebandikwa mkononi mwa mama yake, na ngozi pale ilikuwa ya kijivu, yenye utelezi kama samaki aliyechacha.

Alimgeukia mumewe. "Lugendo! Huyu si mama yako?"

"Si amekaa tu?" alijibu bila kuinua macho. "Nimebakiza raundi moja."

Nyamizi aliubandua waya, akautupa nje dirishani.

"Umefanya nini, mwanangu?" Bi Kalunde alinong'ona kwa hofu. "Ndiyo sababu pekee iliyomfanya akubali kusafiri nami."