Ubao Mweupe

Taa ilikuwa moja tu, nyuma ya kiti changu. Aliifunga kaka yangu mwenyewe, akaniapia: “Kwenye kamera utakuwa kivuli tu, dada. Hata mama hatakutambua.”

Mjinga mimi, nikafunguka. Nikamtaja bosi wangu, nikawataja walinzi wake, nikasema nilichokiona ghalani.

Mwandishi wa habari aliyekuwa akinihoji akainama kuniuliza swali jingine. Ndani ya miwani yake nikauona uso wangu wote, mpaka kovu la kwenye nyusi.

Nikageuza macho. Kando ya kamera kaka alikuwa ameshika ubao mweupe kwa mikono miwili, ananirudishia usoni mwanga wa taa ileile.

“Tulikubaliana nini, kaka?”

Akausogeza ubao karibu.

“Inua kidevu kidogo, dada.”